Sekela na Mgeni Aliyekaa Kimya

Sekela alikuwa na miaka sita. Aliishi na mama yake kando ya barabara ndefu, juu milimani kwenye baridi.

Nyumba yao ilikuwa hoteli ndogo. Ilikuwa na meza nne, jiko moja, na vyumba vitatu vya kulala wageni.

Mbele ya hoteli kulikuwa na barabara. Nyuma ya hoteli kulikuwa na misonobari mirefu. Hakukuwa na nyumba nyingine.

Shule ilikuwa imefungwa. Watoto wengine walikaa mbali, ng'ambo ya kilima. Sekela hakuwa na mtu wa kucheza naye.

Kila asubuhi aliketi kwenye ngazi ya mlango. Aliangalia magari.

Vuuu. Gari likapita.
Halafu kimya.

Vuuu. Gari jingine likapita.
Halafu kimya.

Wakati mwingine gari lilisimama. Watu walishuka. Walikunywa chai, wakala viazi na maharage, wakapanda tena, wakaenda zao.

Hakuna aliyemwuliza, "Wewe unaitwa nani?"

Meza zikiwa tupu, Sekela alicheza peke yake. Yeye alikuwa mhudumu. Viti vilikuwa wateja.

"Karibu," alikiambia kiti cha kwanza. "Nikuletee chai?"
Kiti hakikujibu.

"Na wewe, utakula nini?" alikiuliza kiti cha pili.
Nacho hakikujibu.

"Mama," aliita Sekela, "njoo tucheze."

"Nakuja, mwanangu," alisema Mama kutoka jikoni. "Ngoja nimalize vyombo."

Lakini vyombo havikuisha. Vikiisha vyombo, kulikuwa na shuka za kufua. Zikiisha shuka, kulikuwa na maji ya kuchota.

Sekela akarudi kwenye ngazi.

Vuuu. Gari likapita.
Halafu kimya.

*

Siku moja mchana, mvua ilinyesha. Ta-ta-ta-ta, ilipiga juu ya bati.

Sekela akasikia sauti kutoka barabarani.
Ngrrr. Ngrrr. Ngrrr. Kra.
Halafu, pshhhh.

Lori kubwa la kijani lilisimama mbele ya hoteli. Lilikuwa limeinama upande mmoja, kama mtu anayeumwa mguu.

Mlango wa lori ukafunguka. Dereva akashuka.

Alikuwa mwanamke. Sekela hakuwahi kuona mwanamke akiendesha lori. Sekela akasimama wima, akamtazama.

Dereva alivaa mtandio, koti jepesi na kandambili. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimelowa.

"Karibu, dada," alisema Mama. "Pole na safari."

"Asante," alisema yule dereva. "Lori langu limeharibika. Chuma cha chini kimekatika. Mna chumba?"

"Kipo. Karibu ndani upate joto kwanza."

"Nipe ufunguo tu," alisema dereva.

Kabla hajaingia chumbani, alisimamisha lori jingine lililokuwa linapita.
"Kaka, ukifika mjini, mwambie fundi aje," alisema. "Mwambie chuma cha chini kimekatika. Alete kingine."

"Nitamwambia," alisema dereva mwenzake. "Ila mji uko mbali, dada. Hatakuja leo. Labda baada ya siku mbili, tatu."

Sekela alisikia.

Siku mbili, tatu. Hakuna mgeni aliyewahi kukaa siku mbili, tatu.

"Labda huyu ataniuliza jina langu," alijiambia.

*

"Mama, naomba nimpelekee mgeni chai," alisema Sekela.

Mama akamimina chai ya tangawizi. Akajaza kikombe nusu tu, ili isimwagike.

Sekela akatembea. Polepole. Polepole. Polepole.

Ko, ko, ko.
"Hodi."

"Karibu," sauti ikajibu.

Dereva alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa anatazama dirishani. Nje kulikuwa na mvua tu.

"Shikamoo," alisema Sekela.

"Marahaba."

"Nimekuletea chai."

"Weka hapo."

Sekela akaweka hapo.
Akasubiri kidogo.
Akatoka.

Baadaye Mama alibeba ndoo ya maji ya moto. Sekela alibeba taulo na sabuni.

Ko, ko, ko.
"Hodi. Tumekuletea maji ya kuoga."

"Wekeni hapo."

Wakaweka hapo. Sekela akasubiri kidogo. Wakatoka.

Giza lilipoanza kuingia, Sekela alipeleka chakula. Viazi vilikuwa bado vinatoa mvuke.

Ko, ko, ko.
"Hodi. Nimekuletea viazi na maharage. Mama ameweka na parachichi."

"Weka hapo."

Sekela akaweka hapo.
Akasubiri kidogo.
Akatoka.

Asubuhi alikwenda kuchukua sahani. Viazi vilikuwepo vyote. Maharage yalikuwepo yote. Hata parachichi halikuguswa.

*

Sekela alirudi jikoni na sahani iliyojaa.

"Mama, huyu mgeni hatupendi."

"Kwa nini?"

"Anasema weka hapo. Hasemi kingine. Afadhali viti vyangu. Havisemi, lakini havinuni."

Mama alicheka kidogo. Halafu akaitazama ile sahani, akaacha kucheka.

"Mtu mwenye njaa asiyekula ana jambo," alisema. "Sisi hatulijui jambo lake. Tuendelee kumhudumia vizuri."

"Hata akinuna?"

"Hata akinuna. Mpelekee chai nyingine, mwanangu. Hii ina maziwa."

Sekela hakutaka. Lakini alichukua kikombe, akaenda.

Polepole. Polepole.

Ko, ko, ko.
"Hodi."

Hakuna aliyejibu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sekela akausukuma kwa bega.

Chumbani hakukuwa na mtu. Kitandani kulikuwa na shati jeupe. Lilikuwa jipya, limekunjwa vizuri.

Sekela alitaka kuweka kikombe mezani. Akakanyaga mkeka. Mkeka ukateleza.

Paa.

Chai ikamwagika. Ikamwagika kitandani. Ikamwagika juu ya shati jeupe.

Dereva alikuwa mlangoni. Alikuwa amelowa mvua, na simu ilikuwa mkononi.

"Umefanya nini wewe?" alisema kwa sauti kubwa. "Nani amekuambia uingie humu? Toka."

Sekela akatoka mbio.

*

Alikimbilia nyuma ya hoteli, kwenye misonobari. Alijificha nyuma ya mti mmoja mnene.

Alilia. Mvua ilidondoka kutoka kwenye majani. Tone. Tone. Tone.

Alitamani mtu aje kumtafuta. Hakuna aliyekuja. Mama hakujua yuko wapi.

Baridi ilipozidi, Sekela akarudi jikoni mwenyewe.

Mama alikuwa anafua lile shati. Alifua polepole, kwa maji ya uvuguvugu. Halafu akalikamua, akalitandaza juu ya kiti karibu na jiko.

"Mama, nimemwaga chai," alisema Sekela.

"Najua. Nimekwenda kumwomba radhi."

"Alisema nini?"

"Alinipa shati tu."

Sekela alisogea karibu na jiko. Akalitazama shati. Lilikuwa na mikono mifupi na kola ndogo.

Aliupima mkono wa shati na mkono wake. Ulilingana.

"Mama, hili si shati la mtu mzima."

"Ndiyo," alisema Mama. "Ni sare ya shule. Ya mtoto kama wewe."

Sekela akaigusa ile kola ndogo. Alifikiri.

"Ana mtoto?"

"Inaonekana anaye."

"Mbona hakusema?"

"Mgeni hasemi kila kitu, Sekela. Mwingine hata akiulizwa hasemi. Huyo inabidi umwangalie vizuri. Ukimwangalia utaona anataka nini."

*

Sekela hakutaka tena kwenda chumbani. Aliogopa. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akamwangalia mgeni kwa mbali.

Mgeni alitoka nje kwenye mvua.

Aliinua simu juu. Akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Baada ya muda alitoka tena. Akainua simu juu zaidi. Akapanda juu ya jiwe dogo kando ya barabara. Akageuka kulia. Akageuka kushoto.

Akatikisa kichwa. Akafuta macho kwa mtandio. Akaingia ndani.

Sekela alisimama.

Sasa alijua.

Hotelini kwao simu hazikushika mtandao. Watu wa pale walilijua hilo. Mama akitaka kupiga simu, alipanda kilimani hadi kwenye mwamba mkubwa. Lakini mgeni angejuaje?

Sekela alitembea hadi chumba cha mgeni.

Aliinua mkono. Akaushusha. Akauinua tena.

Ko, ko, ko.

"Hodi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Ni mimi niliyemwaga chai."

Sekela alibaki nje ya mlango. Alisema haraka, kabla hajaogopa zaidi.

"Naomba unisamehe kwa shati. Mama amelifua. Linakauka. Na simu yako haishiki hapa. Lakini kule juu kwenye mwamba inashika. Mama hupigia simu kule."

Mlango ukafunguka.

Mgeni alimtazama Sekela. Tangu afike, hakuwa amemtazama.

"Wapi?" aliuliza.

"Kule kwenye kilima. Nikupeleke?"

"Nipeleke," alisema mgeni. "Tafadhali."

*

Sekela alimwangalia mgeni miguuni. Alivaa kandambili.

"Subiri," alisema. Akakimbia jikoni.

Alirudi na mabuti ya Mama. Alirudi pia na blanketi la Mama na mwavuli wa Mama. Mama mwenyewe alitokea nyuma yake.

"Amechukua kila kitu changu," Mama alimwambia mgeni. "Vaa tu, dada. Nendeni mkapige simu."

Wakapanda kilima.

Njia ilikuwa na matope. Chwapu, chwapu, chwapu, yalifanya mabuti.

"Shika hapa," alisema Sekela. "Hapa panateleza."

Mgeni akampa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi sana.

Walipanda hadi kwenye mwamba. Chini yao waliona bati la hoteli, na barabara, na lori la kijani lililoinama.

Mgeni akainua simu.

Ti. Ti-ti. Ti-ti-ti-ti.
Ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine.

Akapiga. Akaweka simu sikioni.

"Haloo? Mama?" ilisema sauti ndogo ndani ya simu.

"Mwanamvua," alisema mgeni. "Mwanangu. Ni mimi."

"Mama, uko wapi? Ulisema utakuja jana. Nilikaa mlangoni jana kutwa. Bibi akaniambia nikalale, nikakataa."

"Lori limeharibika, mwanangu. Niko milimani. Simu haikushika."

"Nilidhani umenisahau."

"Sikukusahau. Sijakusahau hata kidogo."

Mwanamvua alilia ndani ya simu. Mama yake alilia juu ya mwamba. Sekela hakujua afanye nini. Akamshikia mwavuli tu, akanyoosha mkono hadi ukauma.

Baada ya muda sauti ndogo ikauliza, "Mama, huko uko peke yako?"

"Hapana. Siko peke yangu. Niko na..."

Mgeni akamtazama Sekela.

"Wewe unaitwa nani?"

"Sekela."

"Niko na Sekela," alisema mgeni kwenye simu.

"Sekela ni nani?"

"Ni mtoto wa hotelini. Ana umri kama wako. Ananiletea chai, na amenileta hapa nikupigie."

"Nataka kuongea naye."

Mgeni akampa Sekela simu. Sekela akaishika kwa mikono miwili.

"Haloo," alisema.

"Haloo," alisema Mwanamvua. "Una meno yote?"

"Moja limetoka."

"Yangu yametoka mawili. Unaona nini hapo ulipo?"

Sekela akatazama. "Naona mawingu. Yako chini yetu."

"Uongo."

"Kweli. Sisi tuko juu, mawingu yako chini. Wewe unaona nini?"

"Naona mbuzi wa jirani. Anakula ganda la chungwa. Nyumbani kwetu ni Muheza, kuna machungwa mengi."

"Mbuzi anakula ganda?"

"Anakula. Na daftari langu alikula."

Sekela akacheka. Alicheka kwa sauti, juu ya mwamba, kwenye mvua. Hakuwa amecheka hivyo tangu shule ifungwe.

*

Wakashuka kilima polepole. Chwapu, chwapu, chwapu.

Njiani mgeni alisimama.

"Sekela," alisema, "nilikufokea. Nilifanya vibaya."

"Nilimwaga chai kwenye shati."

"Shati linafuliwa. Mtoto hafokewi hivyo. Unisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Sekela.

"Mwanangu ataanza darasa la kwanza shule ikifunguliwa. Nilimnunulia sare. Nilimwahidi nitafika jana nimvalishe. Nikakaa mle chumbani, namwaza tu. Hata chakula hakikupita."

"Na sasa?"

"Sasa nina njaa."

Walipofika, Mama alikuwa amekwishapasha viazi. Aliviweka mezani, akavuta kiti.

"Karibu, dada. Kula vya moto."

"Niite Mama Mwanamvua," alisema mgeni. Akaketi. Akala viazi vyote. Akala maharage yote. Halafu akaomba parachichi.

Shati jeupe lilikuwa limekauka. Mama alilipiga pasi ya mkaa. Doa lilibaki dogo sana, chini, mahali shati linapochomekwa.

"Halitaonekana," alisema Mama Mwanamvua. Akalikunja, akaliweka kwenye begi lake.

Siku iliyofuata wakapanda tena kwenye mwamba. Sekela na Mwanamvua waliongea kuhusu mbuzi, kuhusu meno, na kuhusu mtoto mmoja wa Muheza anayeweza kutikisa masikio.

Siku ya nne fundi akaja.

Kang, kang, kang, aligonga chini ya lori. Sekela aliomba agonge polepole. Aliomba kimoyomoyo, hakusema.

Mchana lori likasimama sawa.

Mama Mwanamvua alimshukuru Mama. Akainama, akamshika Sekela mabega.

"Kaa salama, Sekela."

"Safari njema."

Ngrrr. Ngrrr. Lori la kijani likaondoka. Likapanda mlima. Likakata kona.

Halafu kimya.

*

Sekela alikaa kwenye ngazi.

Kimya hiki kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kwanza. Alisikia misonobari ikivuma. Alisikia Mama akisugua sufuria.

Siku iliyofuata alipanda kwenye mwamba. Hakuwa na simu wala namba ya kupiga. Aliketi tu, akatazama mawingu, akashuka.

Vuuu. Gari likapita.
Halafu kimya.

Magari mengine yalisimama. Sekela aliwaangalia wageni kama Mama alivyomwambia.

Aliona mzee mmoja akisugua mikono yake. Akamwita akae karibu na jiko.

Aliona mama mwenye mtoto mchanga. Alishindwa kula kwa sababu mtoto alikuwa mikononi. Sekela alimwomba mama yake ambebe mtoto. Mama akambeba, na yule mwanamke akala kwa mikono miwili.

"Asante, binti," walisema.

Sekela alifurahi. Lakini baadaye walipanda magari yao, wakaenda zao.

Siku moja Sekela hakucheza na viti. Alilaza kichwa juu ya meza tupu. Alikaa hivyo muda mrefu.

Mama alikuwa anaosha vyombo. Alimwangalia Sekela kupitia mlango wa jikoni. Alimwangalia vizuri.

Akaacha vyombo kwenye maji. Akafuta mikono. Akaja kuketi naye.

"Unamkumbuka rafiki yako wa simu," alisema.

Sekela akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nimekuwa na kazi tu. Nimewaangalia wageni, nikakusahau wewe."

Sekela alihamisha kichwa chake kutoka mezani. Akakiweka kwenye mapaja ya Mama.

Mama akamsuka nywele. Mistari sita, taratibu. Jua likahama kutoka meza ya kwanza hadi meza ya tatu, na Mama alikuwa bado hajainuka.

Tangu siku hiyo, mchana baada ya wateja kuondoka, Mama alikaa na Sekela kidogo. Siku nyingine ilikuwa kidogo sana. Lakini alikaa.

*

Wiki zikapita. Shule ikafunguliwa. Sekela akatembea hadi ng'ambo ya kilima na kurudi, kila siku. Njia ilikuwa ndefu, na aliitembea peke yake.

Halafu shule ikafungwa tena.

Jioni moja, Sekela alikuwa anafuta meza. Jua lilikuwa linazama. Baridi ilikuwa inaanza.

Akasikia sauti kutoka barabarani.

Ngrrr. Ngrrr. Ngrrr.
Pshhhh.

Sekela akatoka na kitambaa mkononi.

Lori la kijani lilikuwa limesimama mbele ya hoteli. Safari hii lilisimama sawa.

Mlango wa kushoto ukafunguka. Hakushuka mtu. Kwanza ilitoka miguu midogo, ikitafuta pa kukanyaga. Halafu likatoka sweta kubwa sana. Ndani ya sweta alikuwemo mtoto.

Mama Mwanamvua alizunguka mbele ya lori. Sasa alikuwa amevaa mabuti yake mwenyewe.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibuni," alijibu Mama kutoka mlangoni. "Karibuni sana. Lori limeharibika tena?"

"Halijaharibika. Nimepita hoteli tano njiani, nyingine zina taa za rangi. Mwanangu kila mara anauliza, ni hapa? Nikamwambia bado. Tunataka kulala hapa kwenu. Naomba tukae siku mbili, nipumzike."

Sekela na Mwanamvua walisimama wakitazamana. Kwenye simu walikuwa wameongea sana. Sasa wote wawili waliona haya.

Mwanamvua alifungua mdomo aseme. Moshi mweupe ukatoka.

Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama," alisema nyuma ya mikono, "kuna moshi ndani yangu."

"Ni baridi tu," alisema Sekela. "Hata mimi ninao. Ona."

Haaa, alipumua Sekela.
Haaa, alipumua Mwanamvua.

Walipumua hivyo mpaka Mama akawaita wakale.

Walikula viazi na maharage, wote wanne, kwenye meza moja. Mama Mwanamvua alikuwa amebeba gunia dogo la machungwa. Mwanamvua alimenya moja, akampa Sekela nusu kubwa.

Baada ya chakula, Mama alitaka kuwaandalia wageni vyumba.

"Mwanamvua alale na mimi," alisema Sekela.

"Kitanda chako ni kidogo," alisema Mama.

"Sisi pia ni wadogo," alisema Mwanamvua.

Mama akamtazama Mama Mwanamvua. Mama Mwanamvua akainua mabega, akatabasamu.

Kwa hiyo walilala pamoja kwenye kitanda kidogo, chini ya blanketi nene. Upepo ulivuma kwenye misonobari. Fuuu. Fuuu.

Jikoni mama zao walikuwa wanaongea na kunywa chai. Sauti zao zilisikika kwa mbali.

"Sekela," alinong'ona Mwanamvua, "miguu yangu imeganda."

"Ilete huku. Yangu ina joto."

Mwanamvua akaisogeza miguu yake. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Sekela akashtuka kidogo, lakini hakuiondoa yake.

"Bado ina baridi?" aliuliza baada ya muda.

Mwanamvua alikuwa amekwishalala.